Tulileta AI ofisini kwetu Mbeya, watu wakagoma kimya kimya miezi miwili. Naeleza kilichotokea

Mtu wa Mafiati:

Wakuu habari za majukumu, poleni na baridi wale wa huku juu. Nyuzi za AI itakufanyia kazi ya wiki kwa dakika mbili zimejaa humu ila sijaona mtu anaeongelea kilichotusumbua sisi, yaani kifaa unacho, bando unalo, watu unao, na hamna anaekigusa. Nimeishi na hili jambo karibu mwaka mzima, naliweka hapa kwa sababu najua ofisi nyingi za huku Nyanda za Juu zinaenda kulipitia, na nisingependa mtu aumie kama alivyoumia mwenzetu mmoja nitakaemsimulia.

Mi nafanya kazi kwenye SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Mbeya mjini, jina naliacha. Tupo wafanyakazi 14, ofisi kuu na tawi moja Tukuyu. Wanachama wetu ni walimu, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Soweto, wakulima wa viazi, na kule Rungwe watu wa ndizi na parachichi. Cheo changu ni mhasibu msaidizi ila kwa kuwa kompyuta naijuajua basi chochote kinachowaka taa naitwa mimi.

Meneja wetu alienda semina Dodoma akarudi na moto. Jumatatu saa mbili asubuhi katuita wote, akasema kuanzia leo barua, mihtasari ya vikao, majibu ya wanachama kule WhatsApp na uchambuzi wa maombi ya mikopo vyote vipitie kwenye AI, tumeshalipia akaunti tatu, atakaebaki nyuma asimlaumu mtu. Kikao dakika ishirini. Akauliza kuna swali, kimya. Akachukulia kimya kile kuwa tumekubali.

Anaewajua watu wa huku anajua kimya cha kikaoni kina maana gani. Hamna aliyebisha. Wiki ya kwanza watu wanafungua ile programu meneja akipita, akiondoka wanafunga. Wiki ya pili zikaanza sababu, mtandao unasumbua, nimesahau neno la siri, hii barua ni fupi nimeona niiandike tu kwa mkono. Afisa mikopo mmoja alikuwa anaandika uchambuzi wake kama zamani afu anaubandika kwenye AI aseme "nisahihishie herufi" ili ionekane imetumika. Mi nilikuwa naona kwa sababu akaunti ni za pamoja, na nilikuwa namlaumu moyoni, nasema huyu mzee hataki kujifunza. Nilikosea sana na nitaeleza kwa nini.

Ikaja ile ya tangazo la kikao. Meneja aliamini mashine inaelewa zaidi Kiingereza kuliko Kiswahili, akamwambia dada wa mapokezi aandike maelezo kwa Kiingereza afu AI itoe tangazo kwa Kiswahili. Akaandika kikao cha wanachama wa tawi ni 9:00 am. Tangazo likatoka limenyooka, Kiswahili fasaha, salamu nzuri, "saa 9:00 asubuhi". Dada alikuwa na foleni ya watu dirishani, hakulirudia, akatuma kwenye magrupu. Sasa saa tisa ya asubuhi haipo, saa tisa ni ya alasiri au ya usiku, kila mtu akatafsiri anavyojua. Wengine wakaja saa tatu, wengine wakaja saa tisa mchana wametoka Kiwira na Busokelo kwa nauli zao wakakuta viti vinabebwa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amebeba mjukuu mgongoni. Sisahau sura yake.

Na nani aliandikiwa barua ya onyo? Dada wa mapokezi. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, mshahara mdogo kuliko wote ofisini, na wazo la kuandika kwa Kiingereza halikuwa lake.

Kuanzia siku ile hata wale wawili watatu waliokuwa wanajaribu jaribu waliacha. Meneja akaanza kusema wafanyakazi wangu ni wagumu, ni wazee, wanaogopa teknolojia. Kumbe wakuu hawa watu wanatumia M-Pesa, wanaangalia YouTube usiku kucha, wana vikoba vyao kwenye WhatsApp na hesabu hazipotei hata shilingi. Teknolojia gani wanayoogopa?

Siku moja nilibaki ofisini na mama yetu wa leja, ana miaka 22 pale, ndiye alimfundisha kazi kila mtu mpaka meneja mwenyewe. Nikamuuliza nikiwa natafuta kweli jibu, mama kwani shida iko wapi. Akavua miwani akaniambia, "Mwanangu mi siiogopi hiyo mashine. Naogopa kusaini kitu ambacho sikukiandika mimi. Kikikosea, mashine haitaandikiwa barua."

Sikulala vizuri siku ile. Ngoja nimalizie kazi, jioni naendelea.

Mwalimu wa Kilolo:

Mkuu umenigusa. Sisi huku Iringa shuleni ilikuja hivyo hivyo, tukaambiwa maazimio ya kazi na maandalio ya somo tutumie AI kurahisisha. Mkuu wa shule akafurahi. Alipokuja mkaguzi akakuta maandalio ya walimu watatu yanafanana neno kwa neno na mfano uliotumika haupo kwenye kitabu cha wanafunzi, walioitwa kujieleza ni walimu. Sasa hivi ukitaja AI kwenye stafurumu watu wanatazama dirishani. Tuambie, ile barua ya onyo ya huyo dada iliishia wapi?

Binti wa Mufindi:

Nafuatilia. Mi niko idara ya utumishi kwenye kampuni huku Mufindi na wiki ijayo natakiwa kuandaa mpango wa hicho hicho kitu. Kwenye mafunzo tuliyopewa kuna mada nzima ya jinsi ya kushughulika na wanaopinga mabadiliko. Nikisoma hapa naona tunaanza kwa kumhesabu mtu ni mpinzani kabla hajafungua mdomo.

Kyela Mchele:

Mnabembelezana sana nyie wa maofisini. Mi nina mashine ya kukoboa mpunga na stoo mbili, nilipoleta mfumo wa kompyuta kwenye mzani niliweka tarehe, asiyetaka aende. Waliondoka wawili, waliobaki wakajifunza ndani ya wiki. Biashara haisubiri mtu apate amani ya moyo.

Mtu wa Mafiati:

Nimerudi. Mzee wa Kyela nitakujibu, nipe nafasi nimalize kwanza.

Kesho yake nilimwambia mama wa leja twende wote kwa meneja. Hakutaka. Alisema kijana utafukuzwa na mimi nimebakiza miaka michache nistaafu. Ilichukua karibu wiki mbili mpaka akakubali, na alikubali kwa sharti moja, kwamba tusianze na habari ya AI, tuanze na barua ya yule binti. Nakiri nisingewaza hivyo peke yangu. Mi nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya jinsi ya kutoa mafunzo.

Tuliingia, mama akaongea. Hakupandisha sauti. Alimwambia, baba, hapa ofisini kila mtu ameona kwamba ukitumia hicho kitu kikakosea unaandikiwa, na usipokitumia hakuna kinachokupata, sasa wewe ungekuwa wao ungefanyaje? Meneja alikasirika, tukatoka tumenywea. Siku nne hakutusalimia vizuri. Siku ya tano kwenye chai ya saa nne, wote tumekaa na viazi vyetu vya kuchemsha, akaingia, akamgeukia yule dada mbele yetu sote akamwambia nimeiondoa ile barua kwenye faili lako, agizo la Kiingereza lilikuwa la kwangu na kosa ni langu. Kisha akaomba radhi. Wakuu, mtu mzima na cheo chake. Yule dada alilia. Mpaka leo naamini mambo yetu yaligeuka pale, haya mengine ninayoyaandika yalipata njia kwa sababu ya ile chai.

Wiki ile ile ikatoka karatasi moja imesainiwa na meneja na mwenyekiti wa bodi. Ilikuwa na mambo machache tu. Kosa la AI likigundulika kabla ya kutoka nje sio kosa la mtu, ni kazi nzuri. Likitoka nje, anaulizwa aliyeagiza na aliyehakiki, sio aliyebonyeza. Uamuzi wa kumpa au kumnyima mwanachama mkopo unabaki kwa kamati ya mikopo, mashine isipendekeze kabisa. Na majina ya wanachama, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), namba za simu na salio visibandikwe kule. Hili la mwisho nililisukuma mimi kwa sababu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na watu wengi wanabandika taarifa za wateja kwenye AI bila kujua kwamba wanazipeleka kwenye kompyuta za watu wengine nje ya nchi. Sheria hiyo inampa mtu pia haki dhidi ya uamuzi uliotolewa na mashine peke yake. SACCOS ni pesa za watu, sio mahali pa kujaribia.

Sasa kitu kilichofuata ndicho nakipenda zaidi. Mama wa leja alisema, kama mashine inakosea basi makosa yake yaandikwe. Akaenda dukani akanunua kaunta buku kwa hela yake, ile ya kurasa nyingi yenye jalada gumu, akachora mistari kwa rula kama leja, akaiweka mezani karibu na chupa ya chai. Ukikamata kosa la AI unaandika. Kosa la kwanza aliandika yeye mwenyewe. Kuna mwanachama wa Rungwe alitutumia ujumbe wa kushukuru, mwisho kaandika ndaga fijo. AI ikatayarisha jibu, "Ndugu Ndaga Fijo, tumepokea ujumbe wako." Asante sana ya Kinyakyusa imegeuzwa jina la mtu.

Basi likaanza. Afisa mikopo, yule niliyesema namlaumu, akakamata kwamba mwanachama aliyeandika anaomba "laki mbili na nusu" kawekewa 200,500 badala ya 250,000. Hebu fikiri hiyo ingefika kwenye vocha. Mwingine akakuta AI imetaja kifungu cha masharti ya chama chetu chenye namba ambayo masharti yetu hayafiki. Imekitunga, na kimeandikwa kwa lugha ya kisheria kabisa, usipokuwa na masharti mkononi unasaini. Saa zikakosewa tena mara kadhaa, sa hivi tunaijua hiyo, kila saa inaandikwa kwa maneno na sehemu ya siku, saa tatu asubuhi, na mtu mmoja anaisoma kwa sauti. Ndani ya wiki sita yaliandikwa makosa 41.

Na hapa ndo penye siri ambayo mi sikuitegemea. Ili ukamate kosa lazima uitumie. Watu walioikimbia miezi miwili wakawa wanaifungua wenyewe kuitafutia makosa, na katika kutafuta wakajua inaweza nini na haiwezi nini. Mama wa leja ndiye alikuja kugundua kwamba barua za kukumbusha marejesho, zile za mwisho wa mwezi zilizokuwa zinamkalisha mpaka saa moja jioni, ikipewa mfano mmoja aliouandika yeye inatoa kiolezo kizuri na yeye anajaza majina na hela mwenyewe kutoka kwenye leja. Siku hizi anaondoka saa kumi na nusu. Aliwahi kuniambia kwamba amekuwa akimkuta mjukuu wake bado hajalala.

Kwenye kuchagua kazi ya kuanzia meneja alianza na kile alichoonyeshwa Dodoma, uchambuzi wa mikopo, kazi ambayo maafisa wetu wanaijua na wanaipenda na ndiyo heshima yao, wanamjua mtu na shamba lake na mke wake na kama ana tabia ya kukimbia deni. Ukimletea mtu mashine kwenye kitu anachojivunia unamwambia hana kazi. Tungeanza na kinachomchosha. Swali nililokuja kumuuliza kila mtu baadae ni kazi gani ukiikumbuka Jumapili jioni unajisikia vibaya, na majibu yalikuwa tofauti kabisa na yale ya semina.

Uyole Juu:

Mkuu hii ya kaunta buku nimeipenda mno. Nakuongezea kitu. Nilisoma mambo ya ugani wa kilimo, na kuna utafiti wa zamani wa Ryan na Gross, ulitoka 1943, walihoji wakulima 259 kwenye jamii mbili za jimbo la Iowa huko Marekani kuhusu mbegu chotara ya mahindi. Karibu wote waliishia kuipokea, wawili tu ndo walikuwa bado. Wakulima wengi walisikia habari ya mbegu kwa mara ya kwanza kutoka kwa muuzaji, lakini kilichowafanya waipande ni jirani. Na hata walioipokea walianza na kipande kidogo kwanza.

Nimekaa na wakulima huku kuanzia Uyole mpaka Mbozi, ni hivyo hivyo. Mzee hakatai mbegu. Anakupokea, anakukaribisha maji, halafu anapanda mistari michache pembeni ya shamba, anaiangalia kwenye mvua na kwenye jua, anaonja ugali wake, anaona kama inabunguliwa stoo. Bwana shamba asiye na subira anaandika kwenye ripoti yake mkulima ni mgumu kubadilika. Mzee anafanya majaribio, na anayafanya kwa uangalifu kwa sababu njaa ikija haiendi kwa bwana shamba. Huyo mama yenu wa leja amefanya ya mkulima. Kaipanda pembeni.

Mtu wa Mafiati:

Mkuu wa Uyole nimesoma mara mbili. Kwamba njaa haiendi kwa bwana shamba. Ndo kilekile mama alichoniambia kuhusu kusaini.

Binti wa Mufindi:

Nami niongeze moja niliyosoma chuoni na nilikuwa nimeisahau mpaka nimeona uzi huu. Neno lenyewe la kushinda upinzani wa mabadiliko lilivuma kutokana na utafiti wa Coch na French wa mwaka 1948, kwenye kiwanda cha kushona nguo za kulalia kule Marion, Virginia. Wafanyakazi walilipwa kwa kila kipande, na kila kazi ikibadilishwa kidogo uzalishaji unaanguka na watu wanaacha kazi. Wakagawa makundi. Kundi moja likaitwa likaelezwa tu kazi inabadilika na malipo yatakuwa hivi. Jingine likachagua wawakilishi. Mengine mawili wote wakashirikishwa kupanga kazi mpya itafanywaje. Lile lililoambiwa tu, uzalishaji haukupanda, ugomvi na wasimamizi, na asilimia 17 waliacha ndani ya siku 40. Walioshirikishwa wote walirudi haraka mpaka wakapita kiwango chao cha mwanzo kwa kama asilimia 14, na hakuna aliyeacha.

Ila sehemu inayonikaa moyoni ni nyingine. Miezi kama miwili na nusu baadae waliobaki kwenye lile kundi la kwanza, lililogoma, walihamishiwa kazi nyingine mpya na safari hii wakashirikishwa. Wakafanya vizuri kama wengine. Watu ni walewale. Mzee wa Kyela, naomba ulitafakari hilo kabla ya kusema waliondoka wawili.

Kyela Mchele:

Nimesoma dada. Sibishi takwimu zako. Nasema tu mi nilipoweka mzani hakukuwa na muda, msimu ulikuwa umeanza, malori yako getini. Na ntasema ukweli, mmoja kati ya wale wawili alikuwa anajua mpunga kwa kuuotea tu mkononi, anakwambia unyevu bila kipimo. Nimemkosa. Mwaka uliofuata nilinunua mpunga mbichi kwa bei ya mkavu.

Nesi wa Makambako:

Jamani na mimi niulize kwa nia njema kabisa. Mwenye uzi unasema karatasi yenu ilitoa amani. Je, iliandikwa humo kwamba hakuna atakaepunguzwa kazi? Kwa sababu hofu ya kusaini naielewa na ni ya kweli, ila huku kwetu hofu kubwa sio barua ya onyo. Ni kwamba kazi ya watu watatu ikifanywa na mmoja, wawili wanaenda wapi? Watu wanaogopa kumsaidia mchimba kaburi lao. Ukimwambia mtu "tushirikiane kuona AI inaweza kufanya kazi gani" na baada ya mwaka unatumia majibu yake mwenyewe kumwondoa, umemdanganya vibaya kuliko yule aliyekuja na amri.

Mtu wa Mafiati:

Dada, swali lako nilikuwa nalikwepa na sasa umelileta, nalijibu.

Haikuandikwa. Tuliiomba iandikwe. Mwenyekiti wa bodi alisema hawezi kuahidi kitu ambacho mkutano mkuu wa wanachama unaweza kukibadilisha, na kisheria ana hoja, ila aliandika sentensi moja kwamba hakuna ajira itakayofutwa kwa sababu ya AI bila wafanyakazi kukaa mezani kwanza. Hiyo nayo sio zawadi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anaetaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane kabla ya kuamua. Watu wengi hawaijui hiyo, na wanaoijua ni wale wasioihitaji.

Lakini sheria hiyo haimlindi vizuri mtu ambaye mkataba wake umeisha wenyewe. Na sisi ilitokea. Kulikuwa na kijana wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, mkataba wa miezi sita, alikuwa anaandika fomu za wanachama wapya. Kazi yake ilipungua kwa sababu ya haya tuliyoyafanya. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Hamna aliyefukuzwa, hakuna kikao kilichokaa, karatasi ilifika mwisho tu. Alikuwa ameandika makosa saba kwenye ile kaunta buku. Nilimtetea, nilipendekeza ahamishiwe Tukuyu kufuatilia wanachama mashambani ambako tuna upungufu mkubwa, nikaambiwa bajeti hairuhusu. Sa hivi yuko Tunduma anafanya kazi ya wakala wa pesa kwa simu. Tunaongea. Hajanilaumu, na hiyo inaniuma zaidi.

Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba watu wenye hofu wamekosea. Nakwambia kitu kimoja, sasa hivi kabla hatujaongeza kazi yoyote kwenye AI naandika mbele ya wote, kazi hii inampunguzia nani saa ngapi na hizo saa zinaenda wapi. Kama hakuna jibu hatuanzi. Meneja amekubali utaratibu huo. Mara mbili tumeacha kuanza kitu kwa sababu jibu halikupatikana.

Na kuna mzee wetu mmoja wa kamati ya usimamizi hajaigusa AI mpaka leo na hataki. Ripoti zake anaandika kwa mkono, mwandiko mzuri, hesabu hazijawahi kukosea. Kuna walioniambia nimshawishi. Sitaki. Anafanya kazi yake na hakuna anaeumia, na ofisi inayotumia mashine inahitaji angalau mtu mmoja anaeweza kuhesabu ikizimika.

Mwalimu wa Kilolo:

Mkuu naomba hayo mambo ya kaunta buku uyaweke wazi, safu zinaitwaje. Jumatatu tuna kikao cha walimu, nataka niingie na kitu mkononi. Na nitaanza na wale walimu watatu walioitwa kujieleza, sijui kama mkuu wa shule atakubali ila nitasema.

Binti wa Mufindi:

Na mimi naomba. Nimefuta ile mada ya kushughulika na wanaopinga, nimeweka saa mbili za kusikiliza tu, kila idara kivyake, bila mabosi ndani ya chumba.

Mtu wa Mafiati:

Safu ni hizi, mama amezichora hivi: tarehe, nilichoiomba, ilichojibu, ukweli ni upi, nimejuaje, jina langu. Hiyo ya nimejuaje aliiongeza mwenyewe baadae na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu pale watu wanaandika maarifa yao, mmoja kaandika "nimejua kwa sababu viazi vya Novemba bado havijatoka, huyu mwanachama hawezi kulipa Oktoba." Hiyo huwezi kuipata kwenye mfumo wowote. Ukurasa wa mwisho acheni wazi kwa ajili ya mambo iliyoyafanya vizuri, msiandike mabaya peke yake, haitakuwa haki.

Jambo moja tu mwalimu, kaunta buku isishikwe na mkuu wa shule. Ikishikwa na bosi itageuka daftari la mahudhurio. Mpeni yule anaeheshimika na wote ambaye alikuwa haitaki kabisa.

Mama wa leja anaenda Tukuyu Alhamisi kuwafundisha wenzetu wa tawi. Ameniambia nisiende, nitawatisha na laptopu. Anabeba kaunta buku mpya na ile ya zamani, na amesema ataanza na ukurasa wa kwanza, ule wa ndaga fijo, kwa sababu kule watauelewa bila kuelezwa. Akirudi ntaandika hapa imekuwaje.